Bibi anaelea juu ya kitanda, na rangi haikauki

rangi_mbichi
Asalaam alaykum jamani, nina maonesho mwisho wa mwezi hapa Mjini Unguja na usingizi sina tena. Nachora bibi yangu kajilaza kiubavu kwenye kitanda cha kamba baada ya adhuhuri, mkono chini ya kichwa, kanga mpaka kifuani, rangi za mafuta, kanvasi ni mita 2 kwa mita 1 na sentimita 20. Mie nimezoea majahazi na milango ya kuuzia watalii, vile vidogo vinavyoingia kwenye begi, hii kubwa imenishinda. Uso umetoka vizuri hata mwenyewe kacheka alipouona, lakini mwili naona haujalala, kaekwa juu juu kama anaelea, na miguu imekuwa mikubwa kama si yake. Nachora kutokana na picha za simu mana hawezi kukaa vile zaidi ya robo saa mkono unamfa ganzi. Tena rangi haikauki, kila koti la rangi nimetia mafuta ya linsidi ili iteleze, wiki ya 2 hii nikigusa ule weusi wa chini ya kitanda kidole kinatoka cheusi tititi. Nilikuwa nataka niitoe juu darini juani leo. Picha nimeziweka hapo chini, msinicheke.

yakhe_wa_kikwajuni
Yakhe usitoe juani!! Rangi ya mafuta si nguo iliyofuliwa, hakuna maji ya kutoka mule, inakauka kwa yale mafuta kuvuta hewa yakashikana pole pole, ukiibabua juu inafanya utando inakunjana kama maziwa yaliyochemka na chini bado mbichi. Na vuli hii na huu unyevunyevu ndo kabisa inachelewa. Iweke chumba chenye mwanga na madirisha wazi, feni ipepee chumba isipige moja kwa moja, bas. Usiifungie gizani, mafuta ya linsidi gizani yanageuka manjano.

Kosa lako umelifanya mwanzo. Koti la chini linataka tapentaini zaidi na mafuta kidogo, mafuta unayaongeza unavyopanda juu, wewe umejaza tangu chini kwa hio koti la juu likiwahi kukauka linapasuka. Halafu nyeusi ni mvivu wa kukauka kuliko karibu rangi zote. Hio ya chini ya kitanda ikwangue kwa kisu cha rangi mpaka karibu na kitambaa, urudishe giza lako kwa amba iliyochomwa (ile rangi ya udongo ya kahawia) na buluu, amba ina madini ya manganizi ndani yake inakauka upesi, na giza lake lina uhai zaidi. Vanishi isahau, miezi 6 kwa uchache. Kwenye maonesho itundike hivyo hivyo na uwaambie watu wasiguse (watagusa tu).

Jengine, vitambaa unavyofutia mafuta usivirundike pembeni. Vinapata moto vyenyewe vikawaka bila kiberiti, si uchawi. Vitandaze nje au viloweke kwenye ndoo ya maji, nyumba zenu za Mji Mkongwe ni boriti tupu juu.

bi_mtendeni
Mwanangu, mie nimesomesha kuchora skuli miaka mingi, rangi nawaachia wenzangu, nataka uniangalizie hicho kitanda. Kitanda cha kamba mtu akikilalia kinabonyea. Nyonga inazama, bega linazama, baina yake kamba zinapanda kidogo. Wewe umezichora kamba zimenyooka kama meza, sasa bibi atalala wapi? Ndo mana anaelea. Uzito wa mtu aliyelala hauuchori mwilini kwake, uchore kwenye kitanda, zishushe zile kamba chini ya nyonga kisha pale mwili unapogusana na mkeka tia uzi mwembamba wa giza, si kivuli kipana, uzi tu.

Pili hio kanga. Jina lake umeliandika mstari mmoja kama kibao cha duka, herufi zote sawa sawa toka kiunoni mpaka magotini, na pindo nalo umelipiga rula. Hapo umembandika bibi wa watu ukutani. Jina lipande na nyonga, lizame kiunoni, herufi nyengine zimezwe na mkunjo kabisa. Usiogope lisisomeke. Kanga ikikaa sawa huna haja ya kuhangaika na mwili uliomo ndani.

Miguu ni simu yako hio, umesimama karibu upande wa nyayo ikakuza kilicho mbele. Rudi nyuma hatua 6 au 7 halafu ndo uvute. Mantegna, Mtaliana wa karne ya 15, alimchora Kristo maiti nyayo zikiwa mbele kabisa ya mtazamaji, na akazifanya ndogo kuliko ambavyo zingeonekana kwa kweli, angeziacha vile zingeziba sehemu kubwa ya mwili. Kwa hio punguza bila ya kuona haya. Na itumie hio robo saa ya bibi kila siku hata kwa penseli tu, simu haijui kubonyea.

kabati_la_harusi
Nyote hamjauliza la maana, inashuka vipi?? Mita 2 kwenye ngazi za Mjini. Kabati la dada yangu lilishushwa dirishani kwa kamba mtaa mzima unashangilia. Ingekuwa kavu ungeitoa kwenye fremu ukaizungusha kwenye bomba nene, rangi ikiwa upande wa nje si wa ndani, lakini mbichi usithubutu. Pima ulalo wake, pembe kwa pembe, leo kabla hujahangaika na nyonga. Ikibidi dirishani ishushe alfajiri, kaskazi ukianza hio ni tanga, utaifata pwani Forodhani.

Na bibi mwenyewe karidhia kutundikwa?

rangi_mbichi
Nimepima, inapita ngazi ya juu, ile ya chini ndo bado vidole 3, seremala kasema atang'oa mlango. Nyeusi nimeshaikwangua. Bi, kamba nimezishusha jana usiku, wallahi kalala! Nimekaa naangalia tu.

Bibi karidhia zamani, tena ile kanga ya kwanza aliikataa akanitolea hii sandukuni. Sasa nimemwambia jina halitosomeka lote kagoma kabisa, anasema kaichagua kwa ajili ya jirani na lazima aisome.

bi_mtendeni
Basi liachie neno la mwisho lisomeke, pale pajani panapotanuka. Jirani atamalizia mwenyewe.