Mjadala: Picha za singeli zionwe kwanza na nani?

Wapo wanaoshikilia kwamba mpiga picha anayeingia kwenye vigodoro, yaani sherehe za mtaani za usiku kucha zinazopigwa singeli, huko Manzese au Tandale jijini Dar es Salaam, hana wajibu mwingine ila ukweli wa picha yake, kwa sababu kijana akishaombwa ruhusa huacha kucheza na kuanza kujipanga mbele ya kamera. Hoja hiyo ina uzito, wala sipingi picha ya ghafla. Ninachokataa ni kudhani kwamba kazi imekwisha kamera inaporudi mkobani.

Malick Sidibé, aliyepiga picha za vijana wa Bamako katika miaka ya mwanzo ya uhuru wa Mali, alizunguka kwenye sherehe kadhaa kwa usiku mmoja, akarudi studio kusafisha filamu, kisha akabandika picha ndogondogo kwenye karatasi na kuziweka nje ya studio yake mtaani Bagadadji, ili waliopigwa waje wajitazame, wacheke, wachague na kununua walizozipenda. Tuzo ya Simba wa Dhahabu aliyopewa kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice mwaka 2007 ilikuja miongo mingi baada ya vijana wale kuwa na picha zao nyumbani. Walimjua, walimwalika, na bado hakuna anayeweza kusema kwamba picha zile hazina uhalisia.

Singeli inaelekea kupita njia ya kinyume. Tangu lebo ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa singeli uitwao Sounds of Sisso mwaka 2017, muziki huu ambao kasi yake hupita midundo 200 kwa dakika umepata wasikilizaji Ulaya, na kamera zimeufuata. Leo picha ya binti anayecheza saa nane za usiku inaweza kutundikwa Berlin kabla yeye mwenyewe hajaiona, na ikarudi Dar es Salaam kupitia simu ya mwajiri wake au ya baba yake. Tukumbuke kwamba vigodoro vimeandamwa kwa miaka mingi kuwa ni uhuni. Kwa hiyo picha inayosifiwa kule kama sanaa, hapa hugeuka ushahidi dhidi ya aliyemo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ni msaada, ila haitamlazimisha mtu kurudi Tandale na bahasha ya picha. Hakimiliki ibaki kwa mpiga picha, na kwa umati mzima sidai idhini ya kila mmoja. Ninadai kwamba yule ambaye uso wake ndio umeibeba picha aione kwanza, apewe nakala, na akiikataa iondolewe.

Wanaopinga wanijibu hili: picha ambayo hamthubutu kumwonyesha aliyemo, mnaionyesha wengine kwa haki gani?