Fleti ya dola laki moja na kibali cha ukaazi Zanzibar: tunauza nyumba au tunauza ukaazi?

Mtepe: Wakuu, nalileta hili tulijadili kwa hoja. Mgeni akinunua fleti ya dola 100,000 kwenda juu kwenye mradi ulioidhinishwa na ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, anafunguliwa mlango wa kibali cha ukaazi, yeye, mwenza wake na watoto walio chini ya miaka 20. Ni biashara nzuri hii, au tunajimaliza?

Ukuta wa Chokaa: Kwanza tuweke sawa, maana watu wanapiga kelele "nchi imeuzwa". Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na Sheria ya Ardhi ya 1992 inampa haki ya matumizi Mzanzibari peke yake. Mgeni anakodi. Fleti inakwenda kwa sheria ya kondominiamu ya 2010: ndani ya kuta ni kwako, ngazi, paa na tangi la maji ni vya wote na mnavichangia. Na kibali hicho ni cha kuishi, si cha kufanya kazi. Akitaka kuuza kahawa hapo chini, akaanze upya Kamisheni ya Kazi. Wengi wananasa hapo.

Singida Kwetu: Mkuu, rudia hapo. Umesema Mzanzibari, hukusema Mtanzania. Kwa hiyo mimi na Mtaliano tuko foleni moja?

Ukuta wa Chokaa: Kwenye haki ya matumizi ya ardhi, ndiyo. Sikuitunga mimi.

Singida Kwetu: Safi sana. Mzungu anapewa ukaazi kwa hela, mimi nikishuka bandarini naulizwa pasipoti!

Bi Mkunazini: Kaka, usitutilie chumvi. Pasipoti kwa mtu wa Bara ilishafutwa zamani. Unaonesha kitambulisho, na tiketi ya boti unakata kwa nauli ya mwenyeji. Mgeni ana nauli yake ya juu, na hata akitokea Dar es Salaam anapita kwa Uhamiaji. Foleni moja iko wapi?

Singida Kwetu: Na kura je? Nikae miezi 36 jimbo moja ndiyo niandikishwe. Nikihama kutoka Mwera kwenda Chaani kumfuata mke, naanza kuhesabu upya?

Bi Mkunazini: Na Mzanzibari akihama jimbo anahesabiwa hivyo hivyo. Visiwa vidogo hivi, jimbo moja linajaa kwa mabasi matano. Tusijilinde?

Singida Kwetu: Mabasi matano! Dada, mimi ni basi?

Mtepe: Jamani, fleti.

Muttrah: Mnagombana nyinyi wawili na wote mna kitambulisho cha taifa. Aliyezaliwa Malindi ya Unguja, leo ana pasi ya Oman, anaingia kwao kwa viza ya dola 50 na bima ya dola 44 inayomalizika siku ya 92. Khitma ya mama yake anaisoma kama mtalii. Huyo mumeweka kundi gani?

Ukuta wa Chokaa: Sheikh, hilo ni la uraia pacha, na uraia ni wa Muungano, si wa Serikali ya Zanzibar. Uhamiaji nao ni wa Muungano, yamo yote mawili katika yale mambo 11 ya mwanzo ya 1964. Ndiyo maana namwambia Mtepe suala lake limekaa upande. ZIPA inatoa barua ya kuutambua uwekezaji, lakini kibali kinatoka Uhamiaji. Kazi si ya Muungano, ndiyo maana kibali cha kazi kilichotolewa Dar es Salaam hakimfanyishi mtu kazi Nungwi. Mgeni mmoja, vibali viwili, serikali mbili.

Muttrah: Umejibu la sheria. Mimi nimeuliza kundi.

Karani wa Zamani: Niongeze la vitendo kwa wanaosaidia wateja. Kabla ya kulipa arbuni, omba kuiona idhini ya mradi wenyewe, si picha ya brosha. Jina kwenye mkataba liwe herufi kwa herufi kama pasipoti. "Mohamed" huku na "Muhammad" kule ni safari mbili zaidi. Pesa zipite benki, stakabadhi zitunzwe. Pasipoti inayokaribia kwisha ihuishwe kwanza. Na bei ikiandikwa chini ya laki moja ili kukwepa kodi, kibali ndiyo basi, usije kulia.

Chaza: Hao wa fleti wana afadhali, wamo kwenye daftari. Balaa liko Paje na Jambiani. Mgeni anatoa pesa, kiwanja kinaandikwa jina la rafiki au mchumba, halafu wanafanya karatasi ya pembeni ya kwamba "mwenyewe khasa ni mimi". Mwenye jina akifa, mali inakwenda kwa Kadhi, wanatokea warithi tisa. Ile karatasi haimsaidii, maana imetengenezwa kukwepa sheria. Wanakuja hapa wanasema Wazanzibari matapeli.

Singida Kwetu: Na wapo matapeli. Mtu anauziwa shamba, kesho anakuja babu mwingine anasema minazi ni yake.

Chaza: Hapo huna unalolijua, kaka. Mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, ndivyo ilivyo desturi yetu. Unauliza mambo mawili kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa: nani anatumia ardhi, nani alipanda. Ukilipa moja tu, nazi za mwenzio si zako.

Singida Kwetu: Yaani ninunue kiwanja halafu mtu apande juu ya kichwa changu kuangua nazi?

Bi Mkunazini: Kwani si ulishasema huruhusiwi kununua?

Mtepe: Nimeuliza fleti.

Chaza: Umeuliza nani ana haki ya kukaa. Minazi imo. Na Singida, ukitaka kuitoa, mnahesabu mti mmoja mmoja mbele ya sheha, unaozaa bei yake, mti mchanga bei yake, mnaandikiana. Usikate kwanza ndiyo ulipe.

Muttrah: Bado nasubiri kundi langu.