Utani wangu na mkwe wangu umekatwa na kurushwa mtandaoni bila ruhusa yangu, na nimechoka kuambiwa nicheke

Ndugu wanajukwaa,

Wakubwa zangu kama mko humu, shikamooni, vijana, marahaba. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mpare wa Ugweno, nina umri wa miaka 74, watoto wanne na wajukuu 11. Uzi huu nauandika mwenyewe bila kumtuma mjukuu yeyote, kwa sababu wajukuu ndio ninaowalalamikia, pamoja na wazazi wao wanaowatetea. Nimesubiri tangu Novemba hasira ipungue, lakini kila nikishuka Mwanga mjini jambo lenyewe linanikumba upya, na sasa naona nikiendelea kunyamaza nitaonekana nimeridhika.

Novemba mwaka jana mjukuu wangu alipata kipaimara, na sherehe ikafanyika nyumbani kwa mwanangu, Dar es Salaam. Mwanangu huyo ameoa Machame, Uchagani, kwa hiyo upande wa pili walifika wakwe zetu wakiongozwa na mama mzazi wa mkamwana wangu, mjane mwenye heshima zake, aliyesafiri siku nzima kwa basi akiwa na mkungu wa ndizi ili aje awapikie wajukuu machalari kwa mkono wake. Sisi tulikuwa tumepika makande, na masufuria yote mawili yakawekwa mezani ubavu kwa ubavu. Mtu yeyote aliyekulia mkoa wa Kilimanjaro anajua kwamba Mpare na Mchaga wakikaa mbele ya makande na ndizi, utani hauna budi kuanza: Mpare hutaniwa kwa kupenda kesi hata auze ng'ombe, Mchaga kwa kupenda fedha na hesabu. Niliombwa nitoe neno la babu, nikasimama.

Nilisema hivi, na ninaliandika neno kwa neno ili lisikike angalau mara moja likiwa zima: siku mwanangu alipoleta habari kwamba anataka kuoa Machame, niliuza ng'ombe mmoja upesi, na fedha ile sikuiweka kwa ajili ya mahari, niliiweka kwa ajili ya wakili, kwa maana ukiona Mchaga anakupa binti yake bila kubishana bei, ujue ameshalipigia hesabu shamba lako. Watu walicheka. Mkwe wangu hakungoja vicheko viishe. Alisimama, akafunga khanga yake vizuri kiunoni, akanijibu kwamba ni kweli shamba langu walilipigia hesabu, wakaona halilipi hata nauli ya kulifuata, na binti walimtoa kwa huruma tu, kwa kuwa walisikia huku Upareni hakuna mtu aliyewahi kula nyama ya ng'ombe ambaye hajatajwa mahakamani. Hapo ukumbi wote uliinuka. Mimi mwenyewe nililazimika kukaa chini na kujifuta machozi kwa leso, kisha nikamwendea, nikampa mkono, nikatangaza mbele ya watu wote kwamba nimeshindwa na kwamba katika miaka yote ya ndoa ya watoto wetu sijawahi kupata mkwe muungwana kuliko yule mama.

Wiki moja baadaye binti yangu wa mwisho alinipigia simu akiniuliza kama nimeona nilivyo maarufu. Mjukuu wangu wa miaka 19 alikuwa amenirekodi. Alichukua maneno yangu ya ng'ombe, wakili na shamba, akayakata palepale watu walipoanza kucheka, akaweka muziki na picha za vikaragosi vinavyolia machozi ya kicheko, ikawa video ya sekunde 38. Jibu la mkwe wangu halimo, mkono niliompa haumo, na maneno niliyosema juu ya uungwana wake hayamo. Kilichobaki ni mzee wa Kipare aliyesimama mbele ya mjane aliyesafiri siku nzima, anamwambia usoni kwamba watu wa kwao ni wapiga hesabu wa mashamba ya wenzao, naye mjane anaonekana pembeni ya picha akiwa ameinamisha uso. Alikuwa ameinama kwa sababu alikuwa anacheka! Lakini anayetazama video ile hawezi kujua hilo, na watazamaji hawakujua.

Nataka vijana wanielewe vizuri hapa, kwa sababu wengi wananiambia kwamba utani ni utani tu. Utani wa kwetu una wenyewe, una mahali pake na una taratibu zake. Wapare na Wachaga ni watani tangu zama za wazee wetu. Tumekuwa majirani, tumeuziana mazao na mifugo, tumegombana, tumeoana, na hata Kigweno tunachozungumza sisi wa Ugweno wataalamu wa lugha hukiweka karibu zaidi na Kichaga kuliko na Chasu cha Wapare wenzetu. Mtani ana haki ya kunisema msibani kwangu wakati ndugu zangu wa damu wanalia, na sina ruhusa ya kukasirika, kwa sababu nami kesho nina haki ileile kwake. Haki hiyo ni ya pande mbili. Ukiondoa jibu la mtani, utani umekwisha na limebaki tusi, na ndicho alichokifanya mjukuu wangu kwa mkasi wa simu yake.

Tena huyu si mtani wa kawaida, ni mkwe. Kila aliyelelewa anajua kwamba mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, ambaye hata kiti unampisha. Mimi na mama yule hatuitani kwa majina, hatuketi karibu, na salamu zetu ni za kunyenyekeana. Mlango pekee wa sisi kucheka pamoja ni ule utani wa makabila yetu, nao tumeutumia kwa uangalifu mkubwa miaka yote, kila mmoja akijua mahali pa kusimama. Mlango huo umevunjwa na mtoto ambaye hakuuliza hata swali moja.

Baada ya hapo yakafuata ya wageni. Nilisomewa maoni yaliyoandikwa chini ya video, nikaomba kusomewa yote. Watu ambao si Wapare wala Wachaga, ambao hawana utani na yeyote kati yetu, walikuwa wanatukana kabila la mkwe wangu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na wengine wakalitukana langu. Wengine walimwonea huruma mama yule na kuniombea kifo. Kisha duka moja la simu, ambalo silitaji, lilichukua sauti yangu na uso wangu likatengeneza tangazo, nikionekana kana kwamba ng'ombe nimemuuza ili ninunue simu zao. Mimi niliyeingia darasani mwaka 1976, nikafundisha katika miaka ile taifa lilipokuwa likitekeleza Azimio la Musoma ili kila mtoto aende shule, nikastaafu bila barua ya onyo hata moja, leo uso wangu unauza simu, na hakuna aliyenitumia hata ujumbe wa kuniomba ruhusa. Niliwaandikia. Hawakujibu.

Mwanga mjini nikipita stendi, vijana wa bodaboda wananipigia kelele, "Mzee, wakili umempata?" Nawajibu kwa upole kwa sababu wengi wao baba zao niliwafundisha. Januari nilikwenda duka la dawa kuchukua vidonge vyangu vya shinikizo la damu, na binti aliyekuwa nyuma ya kaunta alipouona uso wangu alicheka hadi akaweka cheti changu mezani, akamwita mwenzake kutoka chumba cha ndani aje anione. Walikuja wawili. Nikasimama pale, nimeshika fimbo kwa mkono huu na bakora ya mke wangu kwa mkono mwingine, kwa kuwa mke wangu alikuwa ameketi kwenye benchi, tukasubiri wamalize kucheka ndipo tupewe dawa.

Nyumbani nako amani imetoweka. Zamani baada ya chakula cha jioni wajukuu walikuwa wanakaa, tunataniana kama babu na wajukuu wanavyotaniana. Wa kiume nawaita wenzangu tunaogombea mke mmoja, yaani bibi yao, nao wananificha kofia na kuniambia bibi amewachagua wao. Huo ni utani wao wa haki na sijawahi kuwakatalia. Sasa kila nikifungua mdomo naona simu tatu zimeinuliwa. Wiki ya Pasaka nilianza kuwasimulia jinsi bibi yao alivyokataa barua yangu ya kwanza ya uchumba kwa sababu nilikosea kuandika jina la kijiji chao, na nilipofika katikati, mjukuu mmoja akanikatisha, "Babu, rudia mwanzo, nilikuwa sijawasha." Nirudie! Habari ya mimi na mke wangu, mke mwenyewe ameketi pale anatabasamu, nirudie mwanzo kama mtu anayefanya kazi ya kulipwa. Nilinyanyuka nikaenda kulala, na hadi leo hawajui alichonijibu bibi yao.

Nilipoitisha kikao cha familia nikawaeleza kwamba nimeumizwa, mwanangu mkubwa alisema mtoto hakuwa na nia mbaya, na kwamba watu wengi wangetamani kupendwa hivyo. Nikawaambia kwamba Katiba ya nchi yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya maisha yake binafsi na familia yake, na kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, pamoja na tume yake, kwa hiyo nakusudia kupeleka malalamiko kuhusu lile duka. Sikumaliza sentensi. Wote walicheka, hata mkwilima wangu ambaye huwa hacheki mbele yangu, na mmoja akasema, "Mpare ameshasikia harufu ya kesi." Ndugu zangu, hilo ndilo limenikata maini kuliko video yenyewe. Utani niliowarithisha mimi, kwa mdomo wangu, umegeuzwa kitambaa cha kunifunga mdomo nisidai haki yangu. Mtu wa kabila lolote akivunjiwa heshima anaruhusiwa kulalamika, isipokuwa mimi, kwa sababu malalamiko yangu yakiwa ya sheria tayari ni kichekesho.

Mjukuu aliifuta video kwenye ukurasa wake baada ya mke wangu kumwita faragha na kuzungumza naye, na nakiri kwamba alilia na kuniomba radhi akiwa amepiga magoti. Nimemsamehe yeye kama mtoto wangu. Lakini ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na kurasa nyingine nisizoweza hata kuzihesabu, na lile tangazo la simu bado lipo.

Na mkwe wangu je? Kila mwaka, wiki ya kabla ya Krismasi, wakati Wachaga wa kila mji wanapopanda mabasi kurudi kwao, yeye hutuma kwangu mkungu mmoja wa ndizi kwa basi linalopita Mwanga, nami humpelekea debe la maharage kutoka shambani. Hatujawahi kuruka mwaka tangu watoto waoane. Desemba iliyopita nilikwenda stendi siku tatu mfululizo kuuliza kama kuna mzigo wangu, na siku zote tatu hakukuwa na mzigo. Nilimtuma mkamwana aulize kwa hekima. Jibu lililorudi ni kwamba mama hana kinyongo nami, anajua nilichosema na alichonijibu, lakini kanisani kwake wamemwuliza mara nyingi mno kwa nini alikaa kimya akitukanwa na Mpare, na amechoka kueleza kwamba hakukaa kimya. Mama wa watu alinishinda mbele ya ukumbi mzima, na sasa anajulikana mpaka usharikani kama mjane aliyedhalilishwa akashindwa kujibu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwenu mlioko humu. Yeyote mwenye video ile kwenye simu au kwenye kundi lake aifute, na anayemfahamu mtu aliyekuwa ukumbini pale akarekodi jibu la mkwe wangu, anitumie, kwa sababu nataka usharika wake walisikie kwa masikio yao. Pili, mwenye uzoefu wa kupeleka malalamiko kwenye tume ya taarifa binafsi anieleze hatua zake, kwa maneno ya kawaida, bila kunikumbusha kabila langu.

Jumamosi ijayo nakwenda Machame. Nimeshatafuta jani la isale, kwa sababu kwa Wachaga mtu akija na isale mkononi ameomba radhi na hawezi kufukuzwa, na nimempata mbuzi beberu wa kumpeleka nalo. Ninakwenda kuomba radhi kwa kosa ambalo si mimi niliyelifanya, na mjukuu wangu atakuwa nami, ndiye atakayemshika mbuzi kamba. Simu yake ataiacha kwangu Ugweno, kwenye kabati la bibi yake.