Uzi wa walioacha nyama na sisi tunaokula kila kitu: tupeane uzoefu

Mama wa Mlimani (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni. Binti yangu wa chuo amerudi likizo akatangaza kwamba hali tena nyama, samaki, mayai wala maziwa. Baba yake naye, chakula kisicho na kitoweo anakihesabu staftahi. Mpishi ni mimi, na jiko ni moja.

Kupika hakunisumbui. Wali kwa maharage ya nazi, makande, kisamvu cha karanga, mbaazi, kunde, ugali na matembele: mapishi mengi ya kwetu hayana mnyama ndani na watu wamekua nayo. Ninachotaka kujua ni mwili unavyokwenda miaka ikipita. Msimamo wangu niuseme mapema. Mtoto hajakosea kuacha nyama na baba hajakosea kuila, ila kila mmoja ana kitu chake cha kuangalia kwenye sahani, na hicho ndicho hatuambiani. Mambo ya dini na ya nani ana huruma tuyaache. Sema unakula nini na umeonaje.

Mpare wa Giti

Shikamoo mama. Mimi ni Msabato wa kuzaliwa. Wamisionari wetu walifika Giti, Upareni, mwaka 1903, kwa hiyo kwetu mtu kukaa bila nyama si habari mpya. Ieleweke tu kwamba kanisa halilazimishi. Kilichokatazwa ni nguruwe, samaki wasio na magamba na jamii hiyo. Kuacha nyama yote ni ushauri wa afya, wapo wanaoufuata na wapo wasioufuata. Mimi naufuata, lakini maziwa na mayai nakula, na ndiyo maana sijawahi kupungukiwa. Asubuhi uji wa ulezi na maziwa, mchana ugali wa dona na maharage, jioni makande yaliyolala kwenye maji usiku mzima.

Huko Marekani waliwafuatilia Wasabato zaidi ya 96,000. Wasiokula nyama walionekana na uzito mdogo na kisukari kidogo kuliko wenzao wanaokula. Uzuri wake ni kwamba hata wale wanaokula nyama wengi wao hawavuti wala hawanywi, kwa hiyo huwezi kusema ni sigara tu iliyowatofautisha.

Mdogo wake Rasta (Arusha)

Mama, soma hapa taratibu, maana ndipo penye binti yako.

Kaka yangu ni Rasta, hagusi chochote cha mnyama. Miaka ya mwanzo alikuwa na afya ambayo wote tuliitamani: mwepesi, ngozi inang'aa, anapanda mlima bila kuhema. Miaka ikaenda. Vidole vya miguu vikaanza ganzi, akawa anasema anahisi kama amevaa soksi wakati yuko peku. Ulimi ukawa mwekundu, laini, unauma akila pilipili. Usiku gizani akawa anayumba, anashika ukuta. Ukoo ukasema amerogwa. Kipimo cha damu kikaonyesha vitamini B12 imeisha.

Mtaalamu wa lishe akatueleza mambo mawili ambayo sikuyajua. La kwanza, ini linaweka akiba ya B12 ya miaka, ndiyo maana mtu anaacha nyama leo na shida inakuja akiwa ameshasahau. La pili ndilo lililonitisha: mboga za majani zina folati nyingi (nayo ni vitamini ya jamii ya B), na folati inaweza kuficha upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Yaani damu inaonekana nzuri, miguu inakufa.

Mahitaji yenyewe ni madogo mno, mikrogramu 2.4 kwa siku kwa mtu mzima, lakini mchicha hauna, maharage hayana, spirulina, ule unga wa mwani wanaousifia, haitegemewi. Alichomwa sindano, sasa anameza vidonge. Ganzi imepungua, haijaisha yote. Nyama hajarudia, na sisi hatumsumbui tena. Binti yako aanze vidonge sasa hivi, asisubiri dalili.

Kidole Gumba (Dodoma)

Mimi niko upande wa mzee. Nyama choma, maini, supu asubuhi, na bia. Gauti, ugonjwa wa maumivu ya viungo, ilipokuja, shuka likigusa kidole gumba cha mguu nilikuwa napiga kelele usiku. Nimepunguza, sijaacha: nyama Jumapili, siku nyingine maharage na kunde. Watu wakaniambia maharage yanachochea gauti. Kwangu hayajafanya hivyo, na daktari alisema wanaotakiwa kuogopwa ni nyama nyekundu, viungo vya ndani, pombe na hata dagaa. Dagaa ndio walinishangaza, nilidhani ni salama kwa sababu ni wadogo.

Soseji nimeziondoa kabisa nyumbani. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya saratani, lilishaziweka mwaka 2015 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani ya utumbo mpana. Nyama nyekundu ya kawaida iko kundi la chini yake, "huenda". Kwa hiyo mzee wangu, kipande cha mnofu kando ya mboga nyingi sio sawa na soseji kila asubuhi.

Mkunga Mstaafu (Mwanza)

Chai. Naona mmeongea yote mkaiacha chai. Anayetegemea madini ya chuma kutoka kwenye maharage na mchicha asishushie na chai ya rangi, inazuia chuma kuingia mwilini. Ainywe baada ya saa moja au zaidi. Mezani weka ndimu, kachumbari, embe au pera, hivyo vinasaidia chuma kuingia. Nimewaona kina mama wengi wa macho meupe kwa kupungukiwa damu, na chakula kilikuwepo.

Na mjamzito au mama wa mtoto mchanga akitaka kuacha vyote vya mnyama, asijipangie mwenyewe, aende kliniki. Mtoto anaanza chakula akiwa na miezi sita na tumbo lake ni dogo. Huku ziwani tunasaga dagaa wakavu tunatia kwenye uji, na watoto wanastawi.

Mama wa Mlimani

Asanteni sana, hasa Mdogo wake Rasta. Nimemsomea binti sauti ya juu, kesho tunapitia duka la dawa. Baba yake ameuliza kuhusu soseji, nimempa simu asome mwenyewe. Kipesa pia nimeona nafuu, bei ya kilo moja ya nyama sokoni kwetu inanunua karibu kilo tatu za maharage.

Kuhusu kalisiamu, nimeambiwa mchicha unayo lakini una oksalati inayoizuia, sukuma wiki ni bora zaidi. Sasa nataka kumtengenezea maziwa ya soya, ila yananuka umbichi. Mnafanyaje?

Mpare wa Giti

Mama, loweka usiku, kisha zitumbukize kwenye maji yanayochemka kabla hujasaga. Ukisaga soya mbichi ndipo harufu ile inapotoka, na ukishasaga haitoki tena. Chuja kwa kitambaa, chemsha tena dakika ishirini, koroga yasishike chini. Makapi usimwage, changanya na kitunguu na karoti ukaange kababu.