Tupeane uzoefu: tulioumia goti kwenye vyuma na maumivu yakakataa kuondoka

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za majukumu. Naomba tuongee sisi tulioumia goti kwenye vyuma na goti likagoma kupona. Siongelei yale maumivu ya siku tatu baada ya kupiga miguu, hayo kila mtu anayajua. Naongelea goti linaloamka na wewe kila asubuhi, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Naanza mimi. Ilikuwa Juni 2021, jimu la mtaani kwetu Tabata. Nilikuwa napiga skwati kilo 120, seti ya mwisho, nimeshachoka, na jamaa pembeni wanapiga kelele "ongeza moja, ongeza moja". Nikashuka chini kabisa. Wakati wa kupanda, goti la kushoto likaingia ndani na unyayo ukabaki palepale. Nilisikia mlio kama kijiti kibichi kinavunjwa ndani ya kitambaa. Wala halikuuma sana. Nikarudisha chuma kwenye stendi, nikatembea mwenyewe hadi nyumbani. Asubuhi goti limevimba kama papai, suruali haipiti.

Mama mwenye nyumba alinikanda kwa maji ya moto na chumvi, kwa nia njema kabisa, na uvimbe ukazidi. Zahanati nikapigwa eksirei, nikaambiwa mifupa iko safi, nikapewa diklofenaki. Nilizimeza miezi mitatu, nyingi nikijinunulia mwenyewe duka la dawa, mpaka tumbo likawa linawaka usiku na choo kikawa cheusi kama lami. Nikakimbizwa hospitali kwa ajili ya tumbo, goti likasahaulika. Anayezimeza hizo dawa kiholela anisikie: maumivu zinakata kweli, lakini tumbo na figo zinaumia kimyakimya.

Hela ya MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha hata sehemu laini za ndani, niliipata baada ya miezi minane. Daktari akanichorea kwenye karatasi. Kati ya mfupa wa paja na muundi kuna vipande viwili vya gegedu, kila kimoja kina umbo la mwezi mchanga, na ndivyo vinavyopokea uzito. Changu cha upande wa ndani wa goti kilikuwa kimechanika. Eksirei isingekiona, kwa sababu inaonyesha mifupa tu. Akaniambia pia kwamba ukingo wa nje wa kipande hicho unapata damu, kwa hiyo unaweza kuunga, lakini sehemu ya katikati haipati, na mimi nimechanika huko huko. Hakunipasua. Akaniandikia fiziotherapia, nami nikatoka pale na hasira, nikiona nimefukuzwa.

Dada wa fiziotherapia hakugusa goti kwanza. Alichukua futi ya fundi cherehani, akapima sentimita 10 juu ya pia ya goti, akazungusha futi kwenye paja la kulia, kisha la kushoto. La kushoto lilikuwa pungufu kwa sentimita 3. Ile miezi minane niliyokuwa "nalipumzisha goti" ndiyo iliyokula msuli, na goti likabaki halina wa kulibebea mzigo. Nilikaa na ile namba kichwani njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nilianza na taulo. Unakaa kitandani, mguu umenyooka, taulo limekunjwa chini ya goti, unabana paja kama unataka kulisaga lile taulo, unahesabu hadi 10, unaachia. Wiki mbili ilikuwa hiyo tu. Mtu niliyekuwa nabeba kilo 120 natetemeka kwa taulo. Siku ya kwanza nililia, sifichi. Baadaye nikaja kwenye kupanda kidaraja kimoja na kushuka polepole, kisha kukaa na kuinuka kwenye kiti.

Leo ngazi za ofisini hadi ghorofa ya tatu napanda bila kushika bomba. Skwati nafanya ya kugusa benchi, kilo 40, bila haraka. Kukaa muda mrefu kwenye daladala magoti yamebanwa na siti ya mbele bado kunanitesa. Nanyi wenzangu? Nataka hasa kusikia aliyechomwa sindano, na kwenye choo cha kuchuchumaa mnafanyaje.

Mdau, Mwanza

Pole sana mkuu. Langu linauma mbele, chini ya pia ya goti, kwenye ukano, ile kamba inayounganisha pia na muundi. Ukibonyeza kwa kidole unapata sehemu moja tu, ndogo kama punje ya harage, ndipo penyewe.

Chanzo ni skwati nzito siku nne kwa wiki na jioni mpira wa kikapu. Shida ya ukano ni kwamba unakudanganya. Ukianza mazoezi unauma, ukipata joto unatulia, unajiona umepona, usiku unalipa. Nilidanganyika hivyo mwaka mzima. Nikapumzika miezi miwili, ukatulia kabisa, siku ya kwanza nilivyorudi tu ukarudi nao.

Kilichonisaidia ni kukaa ukutani: mgongo umeegemea ukuta, magoti yamekunjwa, sekunde 45, mara 5, katikati napumzika dakika mbili. Maumivu yanashuka palepale kwa muda, na baadaye unaanza kuongeza uzito, ukipanda na kushuka taratibu sana. Nina daftari. Kila asubuhi nashuka ngazi moja kwa mguu ule na kuandika maumivu kwa namba, 0 hadi 10. Namba ikiwa imepanda kuliko jana, basi jana nilizidisha, napunguza. Nisingekuwa na lile daftari ningeendelea kubahatisha mpaka leo.

Mdau, Mombasa

Poleni ndugu zangu. Mie ni mwanamke, na niliumia kwenye mashine ya kusukuma kwa miguu. Mwalimu aliniwekea sahani nyingi kuliko kawaida yangu, nami nikaona haya kukataa. Tangu siku hiyo pia ya goti la kulia yaniuma kwa mbele, sana sana nikishuka ngazi au nikikaa saa nzima matatuni.

Lakini kilichonivunja moyo ni sala. Kusujudu yaniuma, na kile kikao cha tahiyatu ndicho kabisa siwezi. Najua dini imetusahilishia, mgonjwa asali vile awezavyo. Hata hivyo, siku ya kwanza nyanyangu alinisogezea kiti chake nisalie, na yeye, mwenye miaka themanini na ushee, akashuka chini kwenye mkeka. Sijui niwaeleze vipi nilivyohisi. Nilisali kitini miezi mitano.

Fiziotherapia aliniambia nisimame kwa mguu mmoja mbele ya kioo nikunje goti kidogo. Goti likaangukia ndani, nikaliona kwa macho yangu. Akasema udhaifu uko kwenye nyonga. Nikaenda kwa fundi wa baiskeli nikapata tyubu kuukuu, nikaifunga juu ya magoti, kila siku natembea ukumbini kiubavuubavu, hatua 15 kwenda, 15 kurudi. Ramadhani iliyopita nilisali tarawehe nimesimama na nikasujudu chini, mto mwembamba chini ya goti.

Mdau, Dodoma

Mkuu umeuliza sindano. Nilichomwa ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Kama wiki sita nilikuwa mtu mpya, na hapo ndipo nilipojiharibia: kwa kuwa hakuna maumivu, nikarudi kwenye uzito wangu wote. Ya pili ilinipa wiki mbili tu. Nikaomba ya tatu, daktari akakataa, akasema zikirudiwarudiwa zinaweza kuila gegedu yenyewe. Wakati ule nilimchukia. Ushauri wangu: ukichomwa, tumia ule muda wa nafuu kujenga paja, usiutumie kubeba vyuma.

Mdau (nafanya fiziotherapia), Moshi

Nawasoma. Mengi mliyoandika ndiyo tunayowaambia wagonjwa. Niongeze ya haraka.

Usijitibu nyumbani kama goti limekwama na halinyooki, kama lilijaa ndani ya saa mbili za kwanza baada ya kuumia (mara nyingi hiyo ni damu, na kano ya ndani inaweza kuwa imekatika), kama linachomoka ghafla ukitembea, au kama ni la moto na una homa. Kigimbi kikivimba na kuuma pia wahi hospitali, inaweza kuwa damu imeganda.

Wenye uzito mkubwa: ukipunguza kilo 1 ya mwili, goti linapunguziwa kama kilo 4 kwa kila hatua. Kwenye choo, fundi akufungie bomba ukutani la kushika, au tafuta kile kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo. Na mkuu wa Tabata, mkandaji usimkatae moja kwa moja, ila siku mbili tatu za mwanzo ni baridi, barafu ndani ya kitambaa dakika 15. Maji ya moto yasubiri uvimbe utulie.

Mwanzisha mada

Asanteni sana. Dada wa Mombasa, hiyo ya kiti cha nyanya imenigusa, mpe salamu zetu. Fundi wa bomba la choo nimeshaongea naye, anakuja Jumamosi.

Baada ya kuwasoma nimetoa ile futi kabatini, maana nilinunua ya kwangu Kariakoo. Sentimita 10 juu ya pia ya goti, kulia 54. Kushoto 53 na nusu.