Mkimbiaji wa Kenya anayeenda kusoma Marekani: afundishwe nini kuhusu dawa na vipimo kabla ya Agosti?

kocha_wa_mteremkoni
Habari wadau. Natayarisha kipindi cha dakika 120 kwa wakimbiaji wa Bonde la Ufa waliopata ufadhili katika vyuo vya Division I, daraja la juu la michezo ya vyuo Marekani. Mafunzo ya msingi ya ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa michezoni, wanayo. EPO (homoni ya kuongeza damu) wanaijua, nandroloni (steroidi ya misuli) wanaijua. Wasichokijua ni utaratibu wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Nauliza mambo matatu: sheria za NCAA na za WADA (shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni) zinaachana wapi kiutendaji? Siku ya kupimwa watu hukosea wapi? Na dawa za kawaida za kemisti, zipi za kuogopa? Hotuba ya maadili wameshaisikia vya kutosha, msiirudie.

sheria_na_mbio
Kocha, anza na hili: NCAA haijatia saini Kanuni za WADA. Ina orodha yake na adhabu zake, na sampuli zake hukusanywa na Drug Free Sport International ya Kansas City. Lakini kijana hatoki mikononi mwa WADA kwa sababu amepanda ndege. Akirudi likizo akakimbia mchujo wa Athletics Kenya, au akiingia mbio za World Athletics hukohuko Marekani, anapimwa kwa orodha ile nyingine. Ana vitabu viwili, na kila siku afuate kilicho kikali zaidi.

Adhabu ya NCAA kwa dawa za kuongeza nguvu, mara ya kwanza, ni siku 365 nje ya mashindano, zikihesabiwa tangu sampuli ilipotolewa, pamoja na kupoteza msimu mmoja wa ushiriki katika michezo yote. Kwa wakimbiaji wetu hiyo ina maana ya nyika, ndani ya ukumbi na uwanjani, vyote kwa pamoja. Mara ya pili, safari imeishia hapo. Kuhamia chuo kingine hakufuti kitu. Aliyearifiwa akakosa kufika kupimwa huhesabiwa kama aliyekutwa na dawa, na anayechezea sampuli hupewa siku 730. Kwa WADA, EPO huanzia miaka 4. Na aliyefungiwa chini ya Kanuni za WADA haruhusiwi kushindana NCAA mpaka amalize adhabu, hivyo asidhani chuo ni maficho.

Mfano wa pengo lenyewe ni bangi. Division I iliiondoa kwenye orodha Juni 2024. WADA bado inaikataza siku ya mashindano, chuo kinaweza kuwa na sera yake ya ndani inayoipima, na sheria ya taifa la Marekani bado inaiharamisha, jambo zito kwa mwenye viza. Kijana akisikia "imeruhusiwa" aulize: na nani?

chupa_B
Nijibu la siku ya kupimwa.

Mwanafunzi huarifiwa, hufika na kitambulisho chenye picha, huchagua mwenyewe kikombe kilichofungwa. Mtu wa jinsia yake humwangalia akikojoa, moja kwa moja, si kwa kusikiliza mlangoni. Waambie mapema, hasa wasichana, maana mshtuko wa hilo peke yake huweza kumfanya mtu ashindwe kutoa mkojo kwa saa kadhaa. Kisha mkojo hugawanywa chupa A na B, hufungwa, namba husomwa, fomu hutiwa saini.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni maji. Mtu akiambiwa anapimwa anakunywa chupa tatu kwa mkupuo ili amalize haraka. Mkojo unatoka mwepesi, uzito wake mahususi (kipimo cha jinsi ulivyo mzito au mwepesi kulinganisha na maji) unashuka chini ya 1.005, sampuli haikubaliki, anakaa mpaka atoe nyingine. Kadiri anavyozidi kunywa ndivyo anavyozidi kukaa. Anywe kidogo kidogo, kutoka chupa iliyofungwa ambayo ameifungua mwenyewe, na isiwe kinywaji chenye kafeini. Akienda bila kukojoa tangu asubuhi, mara nyingi mkojo wa kwanza unatosha. Kwa upimaji wa WADA kiasi cha chini ni mililita 90. Kikipungua hufungwa kwa muda na kuongezewa baadaye.

Kosa la pili ni kusaini bila kusoma. Alinganishe namba za chupa na za fomu, tarakimu kwa tarakimu. Kama kikombe kilikuwa na kasoro au kifuniko hakikubana, aandike kwenye fomu palepale. Malalamiko yanayoletwa wiki mbili baadaye hayana uzito. Nakala yake aipige picha.

A ikionyesha dawa, chupa B hufunguliwa, na mwanafunzi ana haki ya kuwapo au kuwakilishwa. Rufaa huwasilishwa na chuo, kwa hiyo akipata taarifa tu aende ofisi ya michezo siku hiyohiyo.

mfamasia_wa_zamu
Kwenye dawa ndiko penye hatari ya kweli kwa watu wetu, na sisemi EPO. Nasema sindano ya mgongo, dripu na vidonge visivyo na pakiti.

Anzeni na jamii ya glukokotikoidi, dawa za kutuliza uvimbe na maumivu: prednisoloni, deksamethasoni, triamsinoloni. Tangu 1 Januari 2022 WADA inakataza sindano zake zote siku ya mashindano, hata ya goti au kisigino. NCAA haina kundi hilo kwenye orodha yake. Sasa fikiria: daktari wa timu huko chuoni anamchoma mwanafunzi kihalali kabisa, halafu wiki chache baadaye kijana anakimbia mchujo wa taifa. Triamsinoloni ikichomwa kwenye msuli, muda wa kusubiri uliokadiriwa na WADA ni siku 60. Siku 60! Deksamethasoni ya msuli ni 5. Kwa hiyo swali la "nimechomwa nini, wapi, tarehe gani" lazima liwe na jibu la maandishi. Huku nyumbani ndiyo taabu zaidi, kwa kuwa kliniki nyingi ndogo humpa mtu sindano ya "maumivu" bila kumtajia jina.

Dripu. Zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 ni marufuku kwa WADA wakati wote, hata kama ndani yake mna maji na chumvi tupu. Msamaha upo kwa matibabu ya hospitali, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu. Dripu ya "kurudisha nguvu" kwenye zahanati baada ya mazoezi haimo. Malaria ikithibitishwa, vidonge vya malaria vya AL havina tatizo lolote. Akihitaji dripu, alazwe hospitalini na apewe karatasi.

Mafua: pseudoefedrini inaruhusiwa NCAA, lakini WADA ina kikomo cha mikrogramu 150 kwa mililita ya mkojo siku ya mashindano. Aache angalau saa 24 kabla. Pumu: salbutamoli ya kuvuta ni sawa kwa WADA hadi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, zisizidi 600 ndani ya saa 8 zozote. Kwa NCAA awe na cheti cha daktari.

Na Global DRO, tovuti ambayo wengi huitegemea kuangalia kama dawa imekatazwa, haijibu kuhusu dawa zinazouzwa Kenya wala kuhusu orodha ya NCAA. Watafute kwa jina la kiambato, siyo jina la biashara lililo kwenye boksi.

kocha_wa_mteremkoni
Asanteni sana. @mfamasia_wa_zamu, mwenye ugonjwa wa kudumu anafanyaje? Na kahawa, na virutubisho? Halafu kuna swali nitakaloulizwa hakika: miraa.

mfamasia_wa_zamu
Miraa ina kathinoni na kathini, zote vichangamshi. Kathinoni imo kwenye orodha ya WADA ya siku ya mashindano, kathini ina kikomo cha mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo. Kwa NCAA vichangamshi vya namna hiyo ni marufuku pia. Na kathinoni ni dawa iliyopigwa marufuku kisheria Marekani, basi hata kifurushi cha zawadi asikibebe.

Ugonjwa wa kudumu una faili mbili. Chuo hutunza rekodi za kitabibu na kuziwasilisha NCAA sampuli ikikutwa na dawa hiyo, ila kwa homoni na steroidi kibali huombwa kabla. WADA inataka kibali cha matibabu, kwa ADAK au World Athletics kulingana na kiwango chake, angalau siku 30 kabla ya mashindano. Faili moja haifanyi kazi ya nyingine.

sheria_na_mbio
Kahawa ni mahali ambapo NCAA ni kali kuliko WADA, na wengi huanguka kwa kudhani kinyume. WADA iliitoa kafeini kwenye orodha mwaka 2004. NCAA inaweka kikomo cha mikrogramu 15 kwa mililita ya mkojo, sawa na takriban miligramu 500 zilizotumiwa saa mbili au tatu kabla ya mbio. Kahawa peke yake haimfikishi mtu huko kirahisi. Kinachomfikisha ni ule unga wa kunywa kabla ya mazoezi, vijiko viwili, na kinywaji cha kuchangamsha juu yake. Guarana kwenye lebo ni kafeini pia.

Virutubisho: kila chuo lazima kiwe na mtu aliyeteuliwa kujibu maswali hayo. Mwanafunzi ajue jina lake wiki ya kwanza na aulize kwa barua pepe, siyo kwa mdomo. Nembo ya NSF Certified for Sport au Informed Sport, inayoonyesha kirutubisho kimepimwa, hupunguza hatari ya ostarini (dawa ya misuli iliyokatazwa) na uchafu mwingine, haiimalizi. Apige picha namba ya toleo na abakize dozi chache kwenye kopo.

chupa_B
Nyongeza kwa walio kwenye orodha ya kupimwa ya World Athletics tu, ambao lazima watoe taarifa za mahali walipo kila siku, pamoja na saa moja watakayopatikana kupimwa. Makosa matatu ya taarifa za mahali ulipo ndani ya miezi 12 ni kosa kamili. Bweni la Marekani hufunguliwa kwa kadi, na afisa akikwama mlango wa chini katika ile saa moja aliyotaja mwanariadha, linaweza kuandikwa kosa. Aandike jengo, ghorofa, chumba na namna ya kuingia. Abadilishe anwani kabla ya kuhama chumba na kabla ya kupanda ndege ya likizo. Desemba ndipo wengi husahau. Kwa kipindi chako, Kocha, waletee boksi tupu kumi za kemisti, kila mmoja atafute viambato na kuvipima kwa vitabu vyote viwili. Hiyo peke yake ichukue nusu ya muda.