Naomba ushauri: maji ya kisima yananuka dawa, nichimbe kwenda chini zaidi?

Mjukuu wa Kibosho: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nina nyumba Moshi, Pasua. Nyuma yangu palikuwa na karakana ya kuosha vipuri vya mashine. Ilishafungwa, ila wazee wanasema dawa ya kutoa grisi ilikuwa inamwagwa shimoni miaka yote. Kisima changu kina mita 22. Tangu masika maji yana harufu tamu tamu. Fundi anasema tushuke hadi mita 60, huko ni safi. Nina watoto wadogo wawili.

MamaWatatu: Pole ndugu yangu. Chemsha vizuri, au weka chujio la mkaa wa mifupa kama wenzetu wa Arusha wanavyofanya kwa floraidi.

Mpima Maji: Dada, hapana. Chujio hilo ni la floraidi, na ukichemsha dawa hizi mvuke wake mnauvuta jikoni. Mkuu, maji hayo msinywe wala kupikia kuanzia leo.

Na tafadhali usichimbe. Petroli huelea juu ya maji, lakini hizi huzama. Trikloroethilini, iliyotumika sana kutolea grisi, lita moja ina kilo 1.46. Inapita kwenye maji, inashuka hadi ikute udongo wa mfinyanzi, inatuama hapo na kuyeyuka kidogo kidogo kwa miaka mingi. Ukitoboa mfinyanzi umeifungulia njia ya kwenda kwenye maji ya chini, ambayo pengine bado ni salama. Marekani kikomo chake kwenye maji ya kunywa ni mikrogramu 5 kwa lita, maana yake lita moja tu ya dawa hiyo yatosha kuharibu lita milioni 290 hivi. Inasababisha saratani. Na ukiona harufu imekwisha usifurahi, kiasi kidogo kama cha kikomo hicho pua haikinusi.

Mjukuu wa Kibosho: Mkuu, mashine inakuja Jumamosi. Nimeshalipa nusu.

Mpima Maji: Mpigie sasa hivi, hata kama hela haitarudi. Kisha peleka barua Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi iko hapo hapo Moshi, nakala NEMC, baraza la mazingira la taifa. Omba wapime viyeyusho vya klorini, yaani dawa za jamii hiyo ya trikloroethilini. Sampuli ni chupa ya kioo iliyojaa pasibaki hata kiputo cha hewa, kwenye barafu. Uchunguzi uanzie pembeni: simulizi za wazee, hewa ya udongoni, visima vya majirani. Penye shimo paguswe mwisho.

MamaWatatu: Visima vya majirani? Mimi nipo Pasua hiyo hiyo, na kisima changu tunachota nyumba sita. Jumatatu twende wote.